Majina 23 kwenye sanduku la baba

Wasomaji wangu, mwezi huu barua zimekuja za kumwaga na nyingi zimegusa jambo moja, utumwa wa zamani wa hapa pwani yetu, sijui mmekubaliana wapi. Basi nimechukua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa mana inastahili, zingine tutapita nazo haraka kidogo, mnisamehe.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi naishi hapahapa Tanga, Chumbageni, nina miaka 41. Baba yetu alifariki mwaka jana na baada ya arobaini ndo tukafungua sanduku lake la mbao, lile la misumari ya shaba ambalo tulipokuwa wadogo tulikuwa hatuligusi, ndani tukakuta karatasi za hati za Kiarabu zimefungwa kwenye kitambaa. Tukampelekea ustadhi wa mtaani akasema hiki si Kiarabu ni Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Karatasi moja inasema baba yake babu ameweka rehani shamba lake la miwa la Pangani kwa tajiri wa Kihindi. Nyingine ni orodha ya majina 23, ustadhi alisoma matano sita akanyamaza akasema hizi zingine mtasoma wenyewe. Mwaka umeandikwa 1299. Sisi tumekuzwa tukiambiwa mzee alitoka Omani, mkulima mkubwa, mcha Mungu, alijenga msikiti, na waliofanya kazi kwake walikuwa "watu wa nyumbani" tu. Sasa nilikuwa naandaa mti wa ukoo niuweke kwenye grupu letu la Watsapu, kaka mkubwa anasema orodha tuichome mana italeta maneno. Mwalimu, hao watu 23 ni watumwa? Na hii historia nianzie wapi kuitafuta? Nimekutumia picha za karatasi zote na huo mti wa ukoo.

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Kabla ya lolote mwambie kaka yako kiberiti kikae jikoni. Karatasi ya namna hiyo ikishaungua hakuna duka utakwenda kununua nyingine.

Ndiyo, ni watumwa. Nimekaa nayo jioni mbili na miwani yangu, hati hizo tulifundishwa chuoni na bibi yangu kwaiyo nazisoma ingawa polepole, na hiyo orodha haina mzunguko. Wa kwanza ni "Feruzi, nokoa". Wa pili "Mabruki, kadamu". Hivyo ni vyeo vya shambani, mwenye shamba akikaa mjini anakuwa na msimamizi wake, ambaye mara nyingi alikuwa mtu huru, na chini yake nokoa, huyu ni mtumwa mkubwa anayesimamia wenzie, kisha kadamu ni msaidizi wa nokoa. Kisha wanafuata Almasi, Majaliwa, Baraka, Hamisi, Tausi na mwanawe, na kila mmoja pembeni kaandikwa kabila, Myao, Mnyasa, Mmanyema, na wawili Wazigua. Watatu wameandikwa "mzalia". Mzalia ni aliyezaliwa nyumbani kwa bwana, na huyo hakulingana na aliyeletwa juzi na msafara, ambaye watu walimwita mjinga au mshenzi, mzalia anajua Kiswahili, anasali, anatumwa mjini, anaaminiwa na pesa. Nadhani hapo ndipo yalipotoka maneno ya wazee wenu ya "watu wa nyumbani". Si uongo mtupu, ni kwamba wamechukua watatu wakawafunika nao ishirini.

Mwaka 1299 wa Hijria unaangukia mwishoni mwa 1881 mpaka 1882. Sasa mtu ataniuliza, si biashara ya watumwa ilikuwa imekwisha? Hapa watu wengi wanachanganya, hata walimu wenzangu. Mkataba wa Sultani Barghash wa Zanzibar na Waingereza, ule wa Juni 1873 uliosukumwa na balozi John Kirk, ulipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na ukafunga soko la Unguja. Kumiliki haukugusa. Wafanyabiashara wakafanyaje, wakawatembeza watu kwa miguu kutoka Kilwa, wanapanda nao na pwani ya Mrima mpaka kwetu huku Pangani na Tanga, halafu usiku majahazi yanavuka kwenda Pemba kwenye karafuu. Mwaka 1876 Barghash akatoa tangazo jingine kuzuia hata hiyo misafara ya nchi kavu, ikapungua lakini haikufa. Na wengine hawakuvushwa kabisa, walibaki hapahapa kwenye miwa. Kwaiyo shamba la mzee wenu halikuwa kwenye ukingo wa mambo, lilikuwa katikati ya njia.

Na ujue miwa si minazi. Watu wakisikia shamba la pwani wanawaza mtu kalala chini ya mnazi anasubiri nazi idondoke. Bonde la Mto Pangani karne ya 19, hasa miaka hiyo ya 1870 na 1880, lilikuwa la miwa na vinu vyake, na muwa ukishakatwa hausubiri, unachacha, lazima ukamuliwe upesi na maji yake yachemshwe kwenye masufuria makubwa mpaka yagande yawe sukari guru, moto ukiwaka hauzimwi mpaka mavuno yaishe, mtu anakesha. Desturi ya pwani kwenye mashamba ya nafaka ilikuwa mtumwa anamfanyia bwana wake siku tano, Alhamisi na Ijumaa zake mwenyewe, analima kajishamba kake. Kwenye miwa msimu ukiwaka desturi hiyo ndiyo ya kwanza kuvunjwa. Ndo mana watu wa mashamba ya Pangani walikuwa wakitoroka, wanaingia bara wanajenga vijiji vyao vya watoro, wengine walikimbilia misheni ya Magila kule Muheza. Ukiona kwenye orodha yako jina limepigwa mstari, na nimeona mawili, usiharakishe kusema amekufa. Huenda aliamka alfajiri akaenda zake.

Lile deni nalo lisikupite. Mwenye shamba wa Pangani alionekana tajiri, ana kanzu nzuri na upanga wa fedha, lakini shamba, kinu, masufuria na mavuno ya mwaka unaokuja vyote mara nyingi viko kwenye daftari la Mhindi. Sukari inakwenda kulipa deni, deni jipya linanunua watu, watu wanakata miwa ya kulipa deni. Mzee wenu kwa hesabu ninayoiona kwenye ile karatasi alikuwa amebanwa, na mtu aliyebanwa na deni hambembelezi anayemfanyia kazi. Simtetei, nakuonesha tu mzunguko wenyewe.

Sasa nakuja kwenye kitu ambacho wewe hukukiona, au ulikiona ukakiruka.

Kwenye mti wako wa ukoo umeandika mzee alikuwa na wake, kila mmoja na baba yake na kabila la baba yake, huyu binti wa nani wa ukoo fulani, yule binti wa nani wa Shihiri, safi kabisa. Halafu mama yake babu yako, yani bibi yake baba yenu, umeandika "Bi Zafarani binti Abdallah" basi. Hana ukoo, hana mji, hana kaka. Mwanangu, rudi kwenye orodha uhesabu mpaka jina la 19. Pameandikwa "Zafarani, Mnyasa, suria".

Nimekaa nikafikiri nikwambie au nisikwambie gazetini, lakini we mwenyewe ndo umeuliza uanzie wapi.

Suria ni mwanamke mtumwa ambaye bwana wake anaishi naye kama mke bila ndoa. Sheria ya Kiislamu ilivyokuwa ikifuatwa pwani ni hivi, akimzalia bwana mtoto na bwana akamkubali, mtoto ni huru toka anazaliwa, anarithi sawa na ndugu zake wa mke wa ndoa, anachukua ukoo wa baba wote mzima mzima. Mama hauzwi tena, na bwana akifa mama anakuwa huru. Wala hii haikuwa aibu ya vichochoroni, Sultani Seyyid Said, baba yake Barghash, watoto wake walioishi walikuwa wa masuria, Barghash mwenyewe mama yake alikuwa Mhabeshi, na yule binti yake Salme aliyetoroka Unguja akaolewa na Mjerumani, mama yake alitoka huko Sirkasia. Kwaiyo babu yako alikuwa mtoto halali wa baba yake, hakuna wa kukunyang'anya hilo. Lakini nasaba zetu zinaandika baba, baba wa baba, baba wa baba wa baba, mpaka mnafika Omani mnapumzika. Mama anaingia kama mlango tu, mtu kapita. Na aliyeletwa mdogo asiyeweza kutaja kwao, akiulizwa binti nani, wanamwandikia binti Abdallah, yani binti wa mja wa Mungu, na nani si mja wa Mungu. Si kila binti Abdallah alikuwa mtumwa, mtaani kwangu wamejaa na baba zao nawajua, ila ukiikuta karibu na orodha kama yako, simama hapo.

Kwaiyo ukiniuliza hao watu ni nani kwenu, jibu ni fupi. Mmoja wao ni nyinyi.

Bibi yangu mimi alikuwa na jirani yake pale Ngamiani wakigombana kila wiki juu ya maji ya bomba, siku moja hasira zikapanda yule jirani akamwambia bibi "mjoli wako huyo!" akimwonesha mpishi wa harusi. Nlikuwa mdogo nikauliza mjoli nini, nikapigwa kibao. Nimekuja kujua nikiwa chuo cha ualimu kwamba wajoli ni watumwa wa bwana mmoja, na kwamba bibi na yule mpishi kweli walikuwa wameungana kwa njia hiyo, mama zao walitoka shamba moja. Walikuwa wakipikiana mpaka wanakufa. Kile kibao sijakisahau.

Sasa ya kuanzia wapi. Kwanza piga picha karatasi zote vizuri mchana, usizipake gundi wala nailoni ya moto, zirudishe kwenye kitambaa kikavu. Tafuta mtu wa kuzisoma neno kwa neno na umwandikie pembeni, usikubali muhtasari wa "hapa kasema mambo ya shamba". Halafu serikali ya Kijerumani iliacha mafaili mengi, yako Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, humo kuna mambo ya mashamba na kesi, na ukumbuke Wajerumani kuanzia miaka ya 1890 walikuwa wakitoa hati za uhuru kwa watumwa mmojammoja, zilitolewa kwa makumi ya maelfu, kwaiyo Feruzi au Tausi wako anaweza kuwa aliacha alama kwenye ofisi ya Pangani hata kama nyumba yenu haikumkumbuka. Deni na rehani, kama tajiri alikuwa na ofisi Unguja, jaribu Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani. Na huo msikiti mnaojivunia, kama uliwekewa wakfu ulizia hati ya wakfu, mara nyingi hati hiyo inataja shamba mipaka yake na mara nyingine na watu wake.

Lakini kabla ya ofisi nenda Pangani mwenyewe. Panda daladala, fika, tafuta mzee wa shambani si wa mjini, mana wa mjini atakusimulia boma na wa shambani atakuonesha kisima. Uliza kinu kilikuwa wapi. Uliza wapi wamezikwa watu wa kinu. Majina ya Feruzi, Almasi, Mabruki, Songoro yalikuwa yakipewa watumwa, na yapo mpaka leo kama majina ya ukoo, ila jina peke yake si ushahidi, nimeshawahi kumuona kijana kampigia simu mtu asiyemjua kumwambia "wewe babu yako alikuwa wa kwetu", akatukanwa, na haki yake. Ukiwapata wajukuu usiende unapunga karatasi. Nenda kama mgeni, kula chakula, waache waulize wao. Na hiyo orodha usiirushe kwenye grupu la Watsapu mwanangu, kwenye grupu ikisharuka hairudi, na hayo ni majina ya babu za watu wengine ambao hawajaombwa.

Mti wa ukoo rusha. Ila hapo kwa Bi Zafarani futa "binti Abdallah" uandike alivyoandikwa na bwana wake mwenyewe, Mnyasa.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Sisi kwetu ni kijiji kimoja cha Pangani, mama anasema babu yake aliletwa kutoka upande wa Nyasa akiwa mtoto akawa mtu wa shamba la Mwarabu, na sisi tumeishi hapo toka enzi hizo, tumezika hapo. Mwaka huu wamekuja vijana na gari wanasema wao ndo warithi wa lile shamba wanataka kuliuza. Wana haki?

JIBU: Mimi si mwanasheria kwaiyo nitakupa ya historia, ya sheria nitakugusia tu uende kwa wenyewe.

Pwani yetu ardhi na mti si kitu kimoja, huyu anaweza kuwa na shamba na yule akawa na minazi iliyomo. Watumwa wengi walipohuruka, au bwana alipokufa, hawakwenda popote, walibaki palepale wakilima, wengine wakimpa mwenye shamba kitu kidogo kila mavuno, wengine hawatoi chochote. Kwaiyo cha kwanza kaeni na wazee muandike, nani alipanda ile miembe, nani alipanda minazi, nani amezikwa wapi, kuna aliyewahi kulipa kodi au kutoa fungu kwa mtu na lini aliacha. Hilo la kutoa fungu ni muhimu sana mana mahakamani aliyekaa kwa ruhusa ya mwenyewe na aliyekaa kwa haki yake hawahukumiwi sawa.

Cha pili, umilikaji wa moja kwa moja wa enzi za wakoloni ulifutwa 1963, ardhi yote ni ya umma na watu wana haki ya kutumia, na tuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inayotambua haki za kimila. Kwaiyo karatasi ya zamani peke yake mkononi mwa kijana mwenye gari si mwisho wa maneno. Msisaini kitu chochote hata wakisema ni mahudhurio ya kikao. Nendeni kwa halmashauri ya kijiji, kisha baraza la ardhi, na mtafute msaada wa kisheria mapema kabla gari halijarudi mara ya pili.

Na hao vijana kama wananisoma, watembee mpaka kwenye makaburi kwanza.

SWALI: Mwalimu mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu Bagamoyo. Darasani tumefundishwa Abushiri ni shujaa aliyepigana na Wajerumani lakini rafiki yangu anasema alikuwa na watumwa. Nani mkweli?

JIBU: Nyote wawili, na mwalimu wenu pia.

Abushiri bin Salim al-Harthi alikuwa mwenye shamba la miwa Pangani, na shamba la miwa Pangani wakati ule lililimwa na watumwa, hakuna namna nyingine. Agosti 1888 ile kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipokuja kupandisha bendera yake Pangani na afisa wao Emil von Zelewski akawadharau watu mpaka msikitini, pwani nzima iliwaka, na Abushiri akawa kiongozi mkubwa wa vita ile, huku Bwana Heri akipigana upande wa Saadani. Hapo Bagamoyo kwenu palipigwa sana. Serikali ya Ujerumani ikamleta Hermann von Wissmann na askari wa kukodi, na Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Lakini rafiki yako muongezee hili, vita ile haikuwa ya mtu mmoja. Walipigana wenye mashamba wanaoogopa kupoteza ushuru na watu wao, walipigana wapagazi, walipigana Wazigua waliotoka bara, walipigana watoro na watumwa ambao walikuwa na hesabu zao wenyewe na si hesabu za Abushiri. Kila mmoja alimchukia Mjerumani kwa sababu yake. Ukiandika hivo kwenye mtihani msahihishaji akikukata alama niletee karatasi.

Na huko Pangani kuna kata inaitwa Bushiri mpaka leo. Jirani yake kidogo ng'ambo ya mto kuna Kikogwe, hapo ndipo mkonge wa kwanza ulipandwa, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida mwaka 1893 ikafika hai 62 tu, kutoka hiyo 62 ndo yakaja yale mashamba yote ya Tanga na manamba wake. Yani bonde lilitoka kwenye miwa ya watumwa likaingia kwenye mkonge wa vibarua bila hata kuvuta pumzi. Na neno lenyewe kibarua unajua limetoka wapi? Ni barua ndogo, kale kakaratasi cha siku alichopewa mtumwa aliyekodishwa na bwana wake kufanya kazi kwa mtu mwingine, jioni anarudi nacho, na fungu kubwa la ujira linakwenda kwa bwana.

SWALI: Mwalimu naomba usinitaje. Kijana wangu wa Bagamoyo alitaka kuposa, wenzetu wakakataa wakasema wamechunguza sisi upande wa mama ni kizazi cha watumwa. Nimeumia. Kwani utumwa uliisha lini hasa, mbona hawa bado wanao?

JIBU: Pole sana dada yangu, hii najua inavyochoma.

Ya tarehe kwanza. Unguja na Pemba sheria ilikuja Aprili 1897, nayo ilisema tu kwamba mahakama haitambui tena utumwa, mtu lazima aende mwenyewe kuomba uhuru wake, fidia akalipwa aliyekuwa bwana na si aliyekuwa mtumwa, na masuria wakaachwa nje mpaka 1909. Huku bara Mjerumani hakufuta utumwa kabisa mpaka anaondoka, watu wengi hawalijui hili. Aliruhusu mtu kujikomboa kwa pesa, na mwaka 1904 akatoa amri kwamba watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 ni huru. Waliozaliwa kabla wakabaki hivohivo. Wajanja wa mashamba ya wazungu wakawa wanawalipia watu pesa ya kujikomboa halafu wanawafanyisha kazi kulipa lile deni. Aliyefuta utumwa Tanganyika ni Mwingereza, kwa sheria ya 1922. Elfu moja mia tisa ishirini na mbili, dada. Kuna wazee tuliowazika kwa mikono yetu ambao walizaliwa utumwa bado ni sheria.

Hao waliochunguza ukoo wako wangechunguza na wao vizuri. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara, imejaa watu walioletwa, waliokuja kuuza pembe wakabaki, waliotoroka, waliokombolewa na mapadri, misheni ya Roho Mtakatifu ipo hapo toka 1868 na ilikuwa na kijiji kizima cha waliokombolewa, hata walioitwa waungwana nyumba zao zilikuwa na masuria kama ile ya msomaji wangu wa kwanza. Uzigua ndo usiseme, njaa ya miaka ya 1830 watu walijiuza na kuuza watoto wapate chakula, wakapelekwa mpaka Somalia kwenye Mto Juba, wakatoroka wakajenga vijiji vyao wakabaki na Kizigua chao zaidi ya miaka 150, vita vya Somalia vikawarudisha, sasa wako Chogo kule Handeni na uraia wamepewa. Walipofika walisalimiana na wenyeji wakaelewana. Hao hakuna aliyewauliza babu yako alikuwa nani.

Kwenye dini mtu akikwambia habari za ulinganifu wa ndoa, mpeleke kwa sheikh anayesoma, muulizeni mbele yake Bilal alikuwa nani na Zaid bin Haritha alikuwa nani kabla ya kuwa huru, na waliozwa na kina nani.

Kijana wako mwambie mimi nina wajukuu watatu wa kike hapa Tanga, wote wamesoma, wawili bado hawajaposwa. Barua aiandikie gazetini nitamfikishia.